Panya shamba au kwelea: yupi anakutia hasara zaidi?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mkulima wa Kongwa, Dodoma, nina ekari tatu. Mwaka juzi nilipanda mahindi, panya wakafukua mbegu. Nikarudishia mara mbili na bado shamba likabaki mapengo matupu. Mwaka jana nikashauriwa nipande mtama kwa kuwa unavumilia ukame. Ulistawi kweli, lakini punje zilipoanza kujaa maziwa kwelea wakashuka, na baada ya siku nne nimebaki na mabua. Mume wangu anasema heri ndege kwa sababu huja na kuondoka. Mimi nasema heri panya, angalau namtega. Yupi ni adui mkubwa? Tena ile sumu ya panya nikiichanganya na mtama na kuimwaga shambani, si itawamaliza na ndege? Watoto hapa wanawatega kwelea na kuwakaanga. Hilo nalo ni salama?

JIBU: Marahaba, mama. Nianze na hilo la sumu kwa sababu ndilo linaloweza kuleta msiba nyumbani kwako. Usifanye. Kama sumu unayoizungumzia ni ule unga wa kijivu unaonuka kama kitunguu saumu, hiyo ni zinki fosfaidi. Ikifika tumboni hukutana na asidi ya tumbo na kutoa gesi ya sumu, na gesi hiyo haina dawa ya kuipooza. Atakayeila kwanza shambani kwako ni kuku wako, kisha njiwa na kanga, kisha mtoto aliyeona mtama umemwagika bure. Kwelea wao wanaposhuka kwenye mtama wako huning'inia juu ya masuke. Ukipata kumi waliokufa chini, laki moja wapo juu wanaendelea kula.

Sasa swali lenyewe. Wewe na mzee wako mmesema ukweli nusu nusu, na nusu hizo zinatokana na tofauti moja kubwa kati ya viumbe hawa wawili. Wote wanaishi kwa mbegu za nyasi. Wote wanaitegemea mvua ile ile. Lakini mvua ya kwanza ikishanyesha, mmoja hufunga safari na mwingine huanza kuzaa. Ukilishika hilo, mengine yote utayaona mwenyewe.

Tuanze na ndege. Kwelea, yule wa domo jekundu, wataalamu wanamweka katika kundi la ndege waimbaji, jamaa moja na kwera na mnana wanaofuma viota vyao mitini. Sijui aliyemsikia akiimba. Kundi lake likitua kwenye migunga jioni, kelele yake ni kama mafuta yanayokaanga kwenye karai kubwa. Lakini mchukue mmoja mkononi: ana gramu 20 hivi, vijiko vitano vya chai vya sukari, na moyo unadunda hadi unauhisi kwenye vidole. Atakung'ata ngozi kati ya kidole gumba na cha shahada, na hapo utaelewa domo lile limeumbwa kwa kazi gani. Ni fupi, nene, lina nguvu ya kupasua punje ndogo: uwele, mtama, mpunga, ngano, ulezi. Punje ya mahindi iliyokomaa humshinda, ni kubwa mno kwa kinywa chake. Ndiyo maana mwaka ule wa mahindi hukumwona kabisa, ingawa huenda alipita juu ya paa lako.

Kwa siku moja kwelea mmoja hula na kuharibu nafaka inayofikia gramu 10, yaani kama nusu ya uzito wake. Mwili wa ndege una joto kali kuliko wetu na kuruka kunamaliza nguvu, hivyo lazima ale asubuhi, aende kunywa maji, apumzike, kisha ale tena alasiri. Fanya hesabu: ndege milioni 1, tani 10 kwa siku. Na kundi la milioni 1 kwa kwelea si jambo la ajabu. Huyu ndiye anayetajwa kuwa ndege wa porini mwenye idadi kubwa kuliko wote duniani. Makadirio yanayorudiwa sana ni bilioni 1.5 baada ya msimu wa kuzaliana.

Hata hivyo, na hapa wakulima wengi hunibishia, kwelea hapendi mtama wako. Anapenda mbegu ndogo za nyasi za porini. Zikiwepo za kutosha, kundi linaweza kulala kilomita chache kutoka mashamba na lisiguse suke. Huja kwako pale nyasi zinapokuwa zimekwisha, au pale vifaranga wapya wasio na uzoefu wanapomwagika porini kwa mamilioni na kutafuta popote penye punje laini.

Sasa fikiria mvua ya kwanza ya Desemba. Kwako ni furaha. Kwa kwelea ni njaa. Mbegu zote zilizokuwa zimelala juu ya ardhi tangu kiangazi huchipua ndani ya siku chache, na mbegu iliyochipua si chakula chake tena. Mtafiti Peter Ward aliieleza safari yao vizuri mwaka 1971: kwelea hujaza mafuta mwilini, kisha huruka kuivuka mvua yenyewe na kwenda kule ilikonyesha wiki kadhaa nyuma, ambako nyasi zimeshatoa mbegu mpya. Baadaye hurudi nyuma polepole kadiri nyasi za njiani zinavyokomaa, na kila wanapopata mbegu mbichi, wadudu wa kulisha makinda na majani mabichi ya kufumia kiota, hutua na kuzaa. Dume hufuma kiota kwenye miba, jike hutaga mayai 3 hivi, na siku 10 baadaye makinda yametoka. Koloni zima hufanya hivyo kwa pamoja, kwa hiyo vifaranga nao huanza kuruka karibu siku moja. Ndani ya wiki 5 au 6 kazi imekwisha na pori limebaki viota vitupu. Jozi hiyo hiyo inaweza kuhamia mbele na kuanza upya mahali pengine.

Kwa hiyo kwelea ni suala la mahali. Ukitaka kujua kama mtama wako uko hatarini, jiulize: wanalala wapi wiki hii? Mwaka mmoja wako Kondoa, mwingine Bahi, mwingine Mbarali kwenye mpunga. Jirani yako wa kijiji cha pili anaweza kuvuna gunia zake zote wakati wewe umelia.

Panya shamba ni habari nyingine kabisa. Hapa namaanisha panya mdogo wa kahawia mwenye tumbo la kijivu, gramu 50 hivi, si panya wa darini na wala si panya buku. (Panya buku ndiye yule anayefundishwa Morogoro kunusa mabomu ya ardhini na vimelea vya kifua kikuu. Huyo tumwache na kazi yake njema.) Jina la kitaalamu la panya shamba ni Mastomys natalensis, na sehemu ya kwanza ya jina hilo inahusu matiti. Mgeuze jike chali uone: chuchu zimepangwa safu mbili kutoka kifuani hadi kinenani, zinaweza kufika 24. Mara ya kwanza nilipompasua jike mwenye mimba nilihesabu vichanga mara mbili kwa kudhani nimekosea. Walikuwa 13, wamepangana kwenye mfuko wa uzazi kama maharage kwenye ganda. Wastani ni 11 hivi kwa uzao mmoja. Mimba ni siku 23, na jike anaweza kuzaa tena baada ya takriban mwezi.

Weka mayai 3 ya kwelea kando ya vichanga 11 vya panya, halafu kumbuka kwamba panya haendi popote. Maisha yake yote, ambayo kwa wengi hayafiki mwaka mmoja, huishia ndani ya eneo dogo: shimo, kichaka cha mpakani, shamba lako. Hawezi kuifuata mvua, kwa hiyo huingoja. Mvua ikinyesha na majani mabichi yakaota, mwili wake hupokea hiyo kama ruhusa ya kuzaa. Mbegu ile ile iliyochipua na kumfukuza kwelea ndiyo inayomfungulia panya msimu wake.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo na wenzao wa Chuo Kikuu cha Antwerp cha Ubelgiji wamewahesabu panya hawa Morogoro kwa miongo kadhaa. Huwakamata kwa mitego isiyoua, huwawekea alama, huwaachia, na mwezi unaofuata huwakamata tena. Katika hekta moja wanaweza kuwa wachache tu msimu mmoja na kufika mamia msimu mwingine. Mwaka 1996 Herwig Leirs na wenzake walichapisha kazi iliyoonyesha kwamba mlipuko unaweza kubashiriwa kwa kuangalia mvua. Vuli ikiwa nzito, panya huanza kuzaa mapema kuliko kawaida, hupatikana kizazi cha ziada katikati, na msimu wa kupanda unaofuata shamba linajaa. Kongwa huna vuli na masika, una msimu mmoja tu, kwa hiyo usiichukue hesabu ya Morogoro kama ilivyo. Msingi ni ule ule: mvua zilizowahi na kuchelewa kukatika zinakupa mavuno mazuri leo, na zinamlea panya wa mwakani.

Na ona alivyokupiga. Panya huzaana hadi kiangazi. Ikifika Novemba ni wengi kuliko wakati wowote, na chakula porini kimekwisha. Ndipo wewe unaingia na jembe na kufukia mbegu nene, tamu, kwenye mstari ulionyooka. Atatafuta nini tena? Akishaipata ya kwanza, huufuata mstari. Asubuhi unakuta vishimo vidogo vya umbo la faneli, kimoja kila hatua, na kando yake ganda la punje iliyotobolewa pale kwenye kiini. Mara nyingi hula kiini na kuacha wanga. Wiki mbili za kwanza tangu kupanda ndizo za hatari. Mche ukishakuwa na majani matatu au zaidi, huuacha. Akirudi tena itakuwa magunzi yanapokomaa, na safari ya tatu ni kihengeni.

Kwa hiyo yupi ni adui mkubwa? Kwa nchi nzima nasema panya, na kwa ekari zako tatu nasema panya pia. Makadirio ya muda mrefu ya hasara ya mahindi nchini kutokana na panya ni asilimia 5 hadi 15 ya mavuno katika mwaka wa kawaida. Hiyo haipigiwi picha. Hakuna wingu jeusi angani, hakuna diwani anayepiga simu wilayani. Kila mkulima anakuta mapengo yake, anarudishia, ananyamaza. Hasara kubwa wala si mbegu iliyoliwa. Ni siku kumi zilizopotea, maana Kongwa, ambako mvua hukatika ghafla, mahindi yaliyochelewa siku kumi yanaweza kukutwa na jua kali wakati wa kuchanua. Panya anakuibia msimu kabla haujaanza.

Kwelea huchukua kwa namna nyingine: ama hakugusi kabisa, ama unabaki na mabua. Kwa mwenye ekari tatu na watoto, mwaka mmoja wa namna hiyo unaumiza kuliko miaka mitano ya asilimia 10, na mzee wako anaposema ndege huondoka, ni kweli lakini huondoka na chakula cha mwaka. Sikatai uchungu huo. Ninachosema ni kwamba kwelea huenda asirudi kwako miaka mitatu, na panya wako hivi ninavyoandika yupo kwenye tuta la mpaka wako na wa jirani.

Kuna jambo lingine linalomwongezea panya uzito. Hubeba magonjwa. Tauni iliyozuka Lushoto tangu mwaka 1980 na kusumbua vijiji vya Usambara kwa miaka mingi ilihusu viroboto wa panya. Homa ya mgunda nayo hupitia mkojo wake kwenye maji na udongo. Afrika Magharibi, panya wa aina hii hii ndiye anayebeba virusi vya homa ya Lassa. Huku kwetu amekutwa na kirusi cha jamii hiyo, kilichopewa jina la Morogoro, ambacho hakijajulikana kumfanya mtu augue. Kwelea hana sifa mbaya ya namna hiyo.

Ufanye nini? Kwa panya, kazi iko kabla ya mbegu. Safisha mipaka. Yale majani marefu kati yako na jirani ndiyo kijiji chao. Ondoa mabua ya mwaka jana badala ya kuyalaza shambani hadi mvua. Kama unaweza kukodi plau ya ng'ombe au trekta, lima ardhi igeuke: majaribio ya Morogoro yalionyesha mashamba yaliyolimwa kwa trekta yaliharibiwa kidogo kuliko yale ya kufyeka na kuchoma, kwa sababu kugeuza udongo huvunja mashimo na kuondoa maficho. Kisha pandeni pamoja, wewe na majirani, ndani ya siku chache. Anayepanda peke yake mapema huwalisha panya wa wote. Anayechelewa peke yake hupokea waliobaki.

Sumu ikihitajika, itumike kitongoji kizima kwa wakati mmoja, wiki moja au mbili kabla ya kupanda, chini ya maelekezo ya afisa ugani, ikiwa ndani ya vyombo au mashimoni na si juu ya ardhi. Ukiweka peke yako, shamba lako linakuwa shimo tupu ambalo panya wa jirani hulijaza ndani ya wiki chache. Na zinki fosfaidi ni ya mara moja kwa msimu. Panya aliyeionja kidogo akaumwa tumbo akapona, hataigusa tena. Siku zote za kuota, tumia mitego pia, hata ndoo iliyochimbiwa hadi usawa wa ardhi na kutiwa maji nusu. Ukianza kukamata wengi ghafla, unajua hali. Tena, mama, msimfukuze bundi. Najua anavyosemwa. Nimewahi kuchambua matapishi yake makavu chini ya mti: mifupa ya panya, mafuvu ya panya, meno ya panya. Mkosi wake uko kwa panya.

Kwa kwelea, wewe peke yako huna silaha zaidi ya kuamia, yaani kulinda shamba na kufukuza ndege. Chagua mbegu ya muda mfupi na mpande pamoja ili masuke yajae maziwa kwa wakati mmoja. Kundi likija, hasara itagawanyika. Mtama mweupe kama Macia unapendwa sokoni na unapendwa na ndege; wa kahawia wenye ukakasi kwenye ganda huachwa kama kuna kingine cha kula karibu, lakini wakiwa na njaa hawachagui. Kuamia kuwe alfajiri hadi saa nne na tena kuanzia saa tisa hadi jua lizame, na mtu awe juu ya dungu. Saa za katikati watoto wapumzike au waende shule. Punje zikikauka kiasi cha kutobonyea kwa ukucha, vuna, usingoje.

Lililo kubwa ni kutoa taarifa mapema. Ukiona makundi yanapita kila jioni kuelekea upande mmoja, wafuate kwa baiskeli uone wanapolala, mara nyingi ni matete ya bwawani au kichaka cha miba. Mpelekee mtendaji wa kijiji habari siku hiyo hiyo. Halmashauri huwasiliana na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, na dawa hupuliziwa juu ya malalo jua linapozama, kwa ndege au siku hizi kwa ndege nyuki. Tanzania pia ni mwanachama wa shirika la kudhibiti nzige wa jangwani Afrika Mashariki lenye makao yake makuu Addis Ababa, ambalo ndege zake hutumika kwa kwelea. Taarifa ikifika wakati wameshakula siku nne, ndege itapulizia pori tupu.

Hapo tunafika kwa watoto na karai lao. Kwelea aliyetegwa kwa wavu au kikapu ni nyama safi. Kondoa watu huwatega kwa wingi na kuwauza, na mimi nimekula, wamekaangwa hadi mfupa unavunjika. Ila dawa inayopuliziwa, fenthioni, ni ya kushambulia mishipa ya fahamu, na ndege aliyeipata hafi palepale daima. Anaweza kuruka, akatua kwenye ua wako asubuhi akiwa mlegevu. Mwewe na bundi wanaomla hufa. Waambie watoto: ndege aliyekamatwa akiwa mzima na mkali, akang'ata, sawa, aliyeokotwa, au anayekamatika kwa mkono bila kukimbia, azikwe. Na kabla ya kutega, waulize kwanza ofisi ya kijiji kama kuna malalo yaliyopuliziwa wiki hizo.